Dawa Ndani ya Chai ya Dereva

Fundi cherehani mmoja alikuwa na mume dereva. Mume huyo aliendesha basi la kampuni ya usafiri ya mji kwa miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo yote hakuwahi kugonga hata kuku. Abiria walimpa jina la Taratibu, maana alishika breki kama mtu aliyepakia mayai. Pombe hakunywa. Sigara hakuvuta. Hata dawa za hospitali alizikimbia. Ukimwambia ameze kidonge, alikujibu, "Dawa ni za wagonjwa."

Mwaka ule mgongo wake ukagoma. Kiti cha basi lake kilikuwa kimekatika springi, na yeye alikikalia saa nane kwa siku. Kila alfajiri aliamka ameshika kiuno, akitembea kwa kujikokota kutoka kitandani hadi bafuni.

"Nenda hospitali, baba watoto," mkewe alimwambia.

"Utapoa wenyewe."

"Umesema hivyo tangu mwezi juzi."

"Na mwezi huu nasema tena," alijibu, akavaa viatu huku akiguna.

Mkewe aliumia kumwona hivyo. Alikuwa mwanamke wa vitendo. Nguo ikichanika, aliishona. Hakupenda kukaa akitazama kitu kimeharibika. Na pale ndani dawa ilikuwepo.

Dawa yenyewe ilikuwa ya mama yake mzazi, aliyeishi nao. Mama huyo aliteleza bafuni, akavunjika nyonga, akapasuliwa. Hospitali walimpa vidonge vya kutuliza maumivu. Alimeza nusu, akakataa vilivyobaki. "Vinanilaza kama gogo," alisema. Bahasha ya vidonge ililowa maji na maandishi yakafutika. Fundi akavimimina katika kopo la vifungo lililokuwa karibu tupu, akaliweka juu ya kabati. Hakuona sababu ya kuvitupa. Kitu kizuri hakitupwi.

Asubuhi moja alitwanga kidonge kimoja, akakikoroga katika chupa ya chai ya mumewe, akaongeza sukari. Hakumwambia mtu.

Jioni Taratibu alirudi akitabasamu. "Mke wangu, leo mgongo umenisamehe!"

"Si ulisema utapoa wenyewe?" mkewe alimtania. Moyoni alicheka hadi mbavu zikamuuma. Aliona amempiga chenga mtu mbishi kuliko wote mtaani. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kidonge kimoja kiliingia ndani ya chai. Wiki tatu zikapita hivyo.

Kisha ikaja siku ya Alhamisi. Fundi alikuwa anashona sare za shule, mguu ukikanyaga pedali ya cherehani. Mlango ukafunguliwa. Mumewe aliingia saa tano asubuhi, wakati ambao alipaswa kuwa barabarani. Mkononi alikuwa na karatasi.

"Kuna nini? Umegonga mtu?" mkewe aliuliza. Cherehani ilinyamaza.

"Wamenitoa kwenye usukani."

"Wamekutoa? Kwa kosa gani?"

Taratibu alikaa kwenye kiti cha wateja. Alizungumza kama mtu anayesoma habari za msiba. "Leo ilikuwa siku ya vipimo. Kompyuta huchagua majina kwa bahati nasibu. Hakuna anayejua zamu ya nani. Leo yalitoka majina sita, na langu limo. Nikafurahi! Nikawaambia wenzangu, tazameni mtu safi anavyopimwa. Nikapuliza kwenye kifaa cha pombe. Sifuri. Nikapewa kikombe cha mkojo. Muuguzi akatumbukiza kipimo. Akakitazama. Akanitazama mimi. Akakitazama tena."

"Eeh?"

"Kimeonyesha afyuni."

Mkewe alipigwa na butwaa. Afyuni! Neno hilo alilisikia kwenye habari za watu wanaokutwa wameanguka mitaroni. Alimtazama mumewe kana kwamba ni mgeni aliyekosea nyumba.

"Mtu mzima wewe! Mvi zote hizo! Unavuta wapi? Na nani?"

"Sivuti! Naapa, sijagusa kitu."

"Kipimo kimeota, basi?"

"Hata mimi sijui. Wameugawa mkojo wangu katika chupa mbili, wakazifunga kwa lakiri mbele ya macho yangu, nikatia saini. Moja inapelekwa maabara kuhakikisha. Nyingine inahifadhiwa. Nikiyakataa majibu ya kwanza, watapima hiyo. Kesho saa nne daktari wa kampuni ananiita. Maabara wakisema ni kweli, naweza kufukuzwa. Na leseni ya abiria inaweza kwenda." Aliikunja ile karatasi. "Pale kazini nimeapa, wakanitazama tu. Nikasema, basi, nyumbani nitaaminiwa."

Aliinuka, akaingia chumbani, akajifungia.

Fundi hakumfuata. Hasira ilimpanda, na hofu ikapanda juu ya hasira. Alichukua koti la kazi la mumewe, akawasha taa ya cherehani, akashika wembe wa kufumulia. Alifumua bitana. Akafumua upindo wa chini. Akafumua kola. Kama kuna kitu kimefichwa ndani ya nguo, nani angekipata kama si yeye? Alipata vipande vitatu vya tiketi za zamani na pipi moja ya mnanaa iliyoyeyuka. Hakuna kingine. Koti lilibaki matambara mezani, na yeye hakujua zaidi ya alivyojua mwanzo.

Nyumba ya tatu kutoka kwao kulikuwa na duka la dawa. Mfamasia wake alikuwa mama wa makamo, mteja wa fundi kwa miaka mingi. Fundi alikwenda huko mbiombio, kanga begani.

"Jirani, nikuulize kitu, na usinicheke. Mtu anayetumia afyuni ana dalili gani?"

Mfamasia aliweka kalamu chini. "Nani anatumia?"

"Mume wangu. Wamempima kazini."

"Taratibu? Haiwezekani!" Mfamasia alifikiri kidogo. "Hebu kwanza. Afyuni si ile ya kuvutwa peke yake. Kuna dawa za hospitali za jamii hiyohiyo. Ni dawa kali za maumivu. Watu hupewa baada ya upasuaji, au wakivunjika mfupa. Nazo pia zinaonekana kwenye kipimo."

Fundi alishika ukingo wa kaunta.

"Zinatuliza maumivu vizuri sana," mfamasia aliendelea. "Lakini zinaleta usingizi. Zinachelewesha macho, mikono na akili. Ndiyo maana tunaandika kwenye bahasha: usiendeshe gari, usitumie mashine. Kwani nyumbani si kuna mgonjwa? Mama yako alipewa vidonge gani?"

"Vya... vyeupe," fundi alisema. "Vina mstari katikati."

"Niletee nivione."

Alikwenda na kurudi, na hakukumbuka hata alivyovuka njia. Mfamasia alifungua kopo. Alitoa vifungo viwili na kidonge kimoja. Alikigeuza chini ya taa, akasoma alama ndogo iliyochongwa juu yake.

"Ndivyo hivi hivi," alisema polepole. "Jirani, mumeo amemeza hivi?"

"Hakumeza," fundi alisema. "Hajui. Nilimtilia kwenye chai. Kila siku. Wiki tatu."

Mfamasia alishika kifua. "Kwenye chai ya dereva wa basi?"

Fundi alikaa chini, pale pale sakafuni, kati ya maboksi ya dawa. Wazee walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amefumua nguo ya mumewe kumtafuta adui, kumbe adui ndiye aliyeshika wembe.

"Nilitaka kumsaidia," alisema. "Sikutaka baya lolote."

"Najua. Lakini dawa ya mtu ni ya mtu huyo peke yake. Daktari aliipima kwa mwili wa mama yako, aliyelala kitandani. Hakuipima kwa mtu mwenye abiria hamsini nyuma yake. Na kumpa mtu dawa bila yeye kujua, hilo ni kosa hata kama unampenda vipi. Angekuwa na ugonjwa mwingine, ungeweza kumuua. Nenda ukamwambie. Usingoje kesho."

"Ataniacha."

"Mwambie tu."

Alimkuta Taratibu ameketi ukingoni mwa kitanda. Alipiga magoti mbele yake na kusema yote, bila kupamba. Alisema juu ya kopo, juu ya kutwanga, juu ya sukari. Alingoja apigiwe kelele. Kelele ingemfaa, angalau.

Taratibu hakupiga kelele. Aliuliza tu.

"Kila siku kimoja?"

"Kimoja. Ila Jumanne iliyopita viwili. Uliamka unalia kwa maumivu, nikaona kimoja hakitoshi."

"Jumanne?" Taratibu alisimama. "Una hakika ni Jumanne?"

"Ndiyo. Kwa nini?"

Alikwenda dirishani. "Jumanne nilikuwa nateremka kilima cha shule. Watoto walikuwa wanavuka kwenye mistari myeupe. Wadogo, wa darasa la chekechea, wameshikana mikono. Niliwaona. Macho yaliwaona, lakini mguu haukwenda kwenye breki. Kama vile niliagiza na hakuna aliyesikia. Basi likasimama juu ya mistari. Mwalimu wao aliweka kiganja kwenye bati la mbele. Hivi." Aliinua mkono wazi. "Kama anayelisukuma lirudi."

Mkewe aliziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Sikumwambia mtu," Taratibu alisema. "Nilidhani nimezeeka. Nilipanga kuandika barua ya kuacha kazi. Kumbe nilikuwa nimelewa. Mimi! Nimelewa mbele ya watoto, na mdomo wangu haujaonja pombe tangu nizaliwe."

Hapo fundi alilia. Tangu asubuhi alikuwa akihofia kazi. Sasa kazi ilionekana kitu kidogo. Aliona vile vidole vidogo vimeshikana, na basi likija, na usingizi ndani ya basi, na usingizi huo yeye ndiye aliyeutwanga kwa mkono wake.

Kesho yake walikwenda wote wawili kwenye yadi ya mabasi. Fundi alibeba kopo lake ndani ya mfuko. Waliketi kwenye benchi nje ya chumba cha vipimo. Ndani, dereva mmoja kijana alikuwa anabishana na muuguzi.

"Sista, nilikunywa jana jioni. Leo nimeoga maji ya baridi, nimekunywa kahawa vikombe vitatu. Mbona kifaa kinanionea?"

"Hakikuonei," muuguzi alijibu. "Kahawa inakuamsha, haitoi pombe. Maji yanakuogesha tu. Pombe inaondolewa na ini, na ini haliharakishwi hata ukilipigia honi. Ukinywa nyingi jioni, asubuhi bado imo. Wewe leo huendeshi."

Kijana alitoka ameinamisha kichwa. Fundi alimtazama akipita, akajiona yeye.

Daktari wa kampuni aliwasikiliza hadi mwisho. Alifungua kopo, akahesabu vidonge, akaandika namba ya hospitali alikotibiwa mama yake fundi ili aulize. Kisha akavua miwani.

"Nimefanya kazi hii muda mrefu," alisema. "Nimeambiwa uongo wa kila rangi. Hii ni mara ya kwanza kuona mke amekuja na ushahidi wa kujishtaki mwenyewe."

"Nifungeni mimi, daktari. Yeye hana kosa."

"Hilo la kufunga si langu. Langu ni usalama. Kipimo hakijui hadithi yenu, mama. Kinasema kilichomo mwilini, basi. Na abiria naye hajui hadithi yenu. Yeye anajua ameketi ndani ya basi na anataka kushuka akiwa mzima."

"Kwa hiyo nimefukuzwa?" Taratibu aliuliza.

"Tungoje maabara. Ikithibitisha ni dawa hii, na hospitali ikikubali kuwa waliitoa wao, nitaandika ukweli ulivyo. Lakini hutashika usukani mpaka mwili uwe safi, upimwe tena. Na kwa mwaka mzima utapimwa bila kuambiwa siku." Alimgeukia kwa ukali kidogo. "Na wewe una kosa lako. Mgongo unakuuma miezi miwili, kiti kimekatika, hujasema kwa mtu! Dereva mwenye maumivu makali naye ni hatari. Angalia. Ukiumwa, nenda hospitali. Ukifika tu, sema: mimi ni dereva wa abiria. Daktari atakuchagulia dawa isiyolaza. Akikosa, utamletea msimamizi karatasi, utapumzishwa au utapewa kazi ya ofisini. Hata dawa ya kikohozi uulize kwanza. Nyingine zina pombe, nyingine zina usingizi."

"Hata ya kikohozi?" Taratibu alishangaa.

"Hata hiyo."

Majibu ya maabara yalikuja baada ya siku tano. Yalikuwa kama walivyosema. Taratibu alikaa nje ya usukani kwa mwezi mmoja. Alipangwa kwenye dirisha la tiketi, na alipelekwa kwa mtaalamu wa mifupa, aliyemfundisha mazoezi ya mgongo. Mafundi walibadilisha kiti cha basi lake. Na vidonge vilivyobaki fundi alimkabidhi mfamasia aviharibu.

Hata hivyo, nyumbani mambo hayakurudi haraka. Mwezi ule wote Taratibu alijichemshia chai mwenyewe. Hakugomba. Alisimama tu pale jikoni, akatazama maji mpaka yachemke, akajimiminia. Mkewe aliketi kwenye cherehani na kuendelea kushona. Ilimuuma kuliko tusi. Wema wake ulikuwa umemtokea puani, na hakuwa na wa kumlaumu.

Kipimo cha pili kilikuwa safi. Taratibu akarudi barabarani. Wiki hiyohiyo muuguzi alimpigia simu fundi.

"Mama, Jumamosi tuna kikao na wake na waume wa madereva. Mimi nikisema, wanasinzia. Njoo useme wewe."

"Nikajivue nguo mbele za watu?"

"Ndiyo," muuguzi alijibu bila kuzunguka.

Fundi alimwuliza mumewe. Taratibu aliweka kikombe chake chini. "Nenda," alisema. "Uwaambie na habari ya watoto. Usiifiche."

Jumamosi ile ukumbi wa yadi ulijaa. Saa nne asubuhi fundi alisimama mbele. Hakujua waanzavyo watu wa hotuba, kwa hiyo alianza na jambo lenyewe.

"Mimi ndiye niliyemlevya mume wangu," alisema.

Watu walicheka. Kisha aliendelea, na kicheko kikafa. Aliwaambia juu ya chai. Aliwaambia juu ya koti alilolifumua. Alipofika kwenye kiganja cha mwalimu juu ya bati la basi, aliinua mkono wake mwenyewe, na ukumbi mzima ukasikia feni ikizunguka.

Nyuma kabisa, mwanamke mmoja mwenye kitambaa cha kijani alisimama. Alifungua mkoba wake.

"Vidonge vyenyewe vyeupe?" aliuliza. "Vina mstari katikati?"

"Ndiyo, dada."

"Nilipewa mimi, nilipojifungua kwa upasuaji." Alitoa kipande cha karatasi kilichokunjwa kufunga vidonge. "Mume wangu goti linamsumbua. Amevimeza leo. Viwili."

"Yuko wapi?" muuguzi aliuliza.

"Yuko barabarani. Njia ya daraja refu."

Msimamizi wa zamu alikuwa amekaa mlangoni. Hakungoja neno lingine. Alikimbilia chumba cha redio, na watu wakamiminika nyuma yake, wakajaa mlangoni na madirishani. Mwanamke wa kitambaa cha kijani alimshika fundi mkono kwa nguvu. Walikuwa hawajuani hata kwa salamu.

"Basi la njia ya daraja, unanisikia? Basi la njia ya daraja!"

Redio ilikwaruza. Kimya. Mtu mmoja alianza kuomba kwa sauti ya chini.

"Basi la njia ya daraja, jibu!"

"Nakusikia," sauti ilijibu. Ilikuwa nzito, ikijikokota, kama ya mtu aliyeamshwa. "Ndiyo kwanza naona daraja."

"Usilipande. Washa taa za hatari. Egesha kando, zima injini, vuta breki ya mkono. Usiulize swali."

Walingoja. Fundi alihesabu pumzi zake mwenyewe. Alifika kumi na nne.

"Nimeegesha," sauti ilisema. "Kwani kuna nini?"

Mwanamke yule alianguka mikononi mwa fundi, akalia kwa kwikwi. Hakuna aliyemcheka. Uani, Taratibu alikuwa zamu ya akiba, mwili safi, mgongo umenyooka. Msimamizi alimpungia mkono, naye akapanda basi la akiba kwenda kuwachukua abiria waliokwama.

Walikuwa hamsini na wawili. Wote walishuka kwa miguu yao.